Monita iliyoziba: uchambuzi wa kisa cha mwimbaji, fundi na mikseri moja

Bendi inayozungumziwa hapa ni ya watu watano: mwimbaji wa kike, mpiga gitaa, mpiga besi, mpiga kinanda na mpiga dramu. Jukwaa lao ni la wastani, na ukumbi una mikseri moja ya dijitali ambayo fundi mitambo anaitumia kwa kazi zote mbili, yaani kuwapelekea wasikilizaji sauti kupitia spika kubwa za ukumbi na kuwapelekea wanamuziki sauti kupitia monita za sakafuni. Hakuna mikseri ya pili pembeni ya jukwaa, wala hakuna fundi wa monita anayejitegemea. Kumbi nyingi ndivyo zilivyo, na tatizo lenyewe lilizaliwa na mpangilio huo.

Malalamiko yalianza wakati wa majaribio ya sauti, mara bendi nzima ilipoanza kupiga kwa pamoja. Mwimbaji alisimamisha wimbo akasema, "Fundi, sauti yangu imeziba. Najisikia kwamba nimo, lakini maneno siyasikii." Kauli hiyo ina taarifa nyingi kuliko inavyoonekana. Hakusema kwamba sauti ni ndogo, alisema anajisikia. Alichokosa ni maneno, na mtu anayekosa maneno amekosa konsonanti, ambazo sehemu kubwa ya nguvu yake inayosaidia usikivu iko kuanzia kilohezi 2 hadi 4 na kupanda juu, ilhali uzito wa sauti, irabu na kifua, uko zaidi chini ya hezi 500. Kwa hiyo maelezo yanayowezekana yalikuwa mawili: ama sehemu ya juu ya sauti imepungua, ama sehemu ya chini imezidi hadi ikaifunika ile ya juu. Kwa sikio la mwimbaji hali hizo mbili zinafanana sana, lakini tiba zake hazifanani hata kidogo.

Fundi aliyashika maelezo ya kwanza bila kuyapima. Alifungua ekwalaiza, yaani kirekebisha toni, ya chaneli ya mwimbaji (njia ya sauti yake ndani ya mikseri), akapandisha kilohezi 3 kwa desibeli 6 kwa upana mkubwa. Monita ikapata ung'avu kwa muda mfupi, lakini ukumbini sauti ya mwimbaji ikawa kali ya kuchoma masikio, na fundi akalazimika kuteremsha feda yake, yaani kitelezi cha kiwango cha sauti ukumbini. Baada ya dakika chache monita ikaanza kupiga mluzi, yaani sauti yake kurudi kwenye maikrofoni na kujizungusha, kwenye masafa yaleyale ya kilohezi 3. Fundi akahamia kwenye ekwalaiza ya grafu ya njia ya monita, ile yenye bendi 31, akashusha kilohezi 2.5, 3.15 na 4. Mluzi ukakoma, na mwimbaji akarudia malalamiko yaleyale. Safari hii fundi akampandishia kiwango cha monita kizima, ndipo ukaja mvumo mzito wa chini, naye akashusha hezi 200, 250 na 315. Hadi mapumziko yanafika, ekwalaiza ya grafu ilikuwa imejaa mabonde, kitufe cha kupelekea sauti kilikuwa karibu na ukomo wake, na mwimbaji alikuwa anaimba kwa kupaza kuliko kawaida yake.

Ili kuelewa kwa nini kila hatua ilizidisha tatizo, ni lazima kufuata njia ya ishara ndani ya mikseri. Ishara inaingia kutoka kwenye maikrofoni, inakuzwa na kitufe cha geini, inapita kwenye kichujio kinachokata sauti za chini, kisha kwenye ekwalaiza ya chaneli na kompresa (kifaa kinachobana sauti inapozidi kiwango), ndipo inapoifikia feda inayoipeleka kwenye spika za ukumbi. Njia za monita, ambazo mafundi wengi huziita oksi, huchukua ishara hiyo katikati ya safari. Ikichukuliwa baada ya feda, monita inapanda na kushuka kila fundi anapogusa mchanganyo wa ukumbi, na hakuna mwanamuziki anayeweza kufanya kazi hivyo. Ndiyo maana oksi za monita huwekwa kabla ya feda, na kwa mikseri hii zilikuwa zimewekwa hivyo. Kinachosahaulika ni kwamba "kabla ya feda" haimaanishi "kabla ya ekwalaiza". Kwenye mikseri nyingi sehemu hiyo ya kuchukulia ishara iko baada ya ekwalaiza na kabla ya feda, hivyo kiwango cha sauti ukumbini na kiwango cha monita vinatengana, lakini toni inabaki moja kwa wote. Kila desibeli aliyoongeza fundi kwa ajili ya sikio la mwimbaji ililipwa na masikio ya ukumbi mzima.

Hatua ya pili ilikuwa mbaya zaidi, ingawa ilionekana ya busara. Alipoongeza kilohezi 3 kwenye chaneli kisha akazipunguza kwenye ekwalaiza ya grafu ya oksi, mwimbaji alirudi takriban pale alipoanzia. Tofauti ni kwamba ekwalaiza ya grafu haiigusi sauti yake peke yake; inagusa kila kitu kinachotoka kwenye monita ile. Gitaa na kinanda vilivyokuwemo humo navyo vilipoteza ung'avu wao, pale hasa ambapo mwimbaji huitafuta noti ya kuanzia. Hivyo monita nzima ikaziba, na ukumbi ukabaki na makali ambayo hakuna aliyeyaomba.

Niliombwa kusikiliza wakati wa mapumziko, na jambo la kwanza nililoomba lilikuwa kurudisha ekwalaiza ya grafu kwenye mstari ulionyooka, kurudisha ekwalaiza ya chaneli sifuri, na kuzima spika za ukumbi. Halafu nilisimama mahali pa mwimbaji, kichwa kikiwa kwenye urefu wa kichwa chake, kwa sababu monita ya sakafuni inasikika tofauti kabisa mtu akiisikiliza akiwa ameinama mbele yake au akiwa kando yake. Pembe ndogo inayotoa sauti za juu ina eneo lake la kuelekea, na hatua moja pembeni inatosha kuondoa sehemu ya konsonanti. Mwimbaji alizungumza na kuimba kwa kiwango cha kawaida. Sauti ilikuwa safi, na maneno yote yalisikika. Monita haikuwa na kasoro, maikrofoni haikuwa na kasoro, wala ekwalaiza haikuhitajika sana. Kisha tukawasha spika za ukumbi bila kugusa kitu kingine chochote, na papo hapo sauti ikaziba kama alivyosema.

Jaribio hilo la dakika moja lilijibu swali lililokuwa limepita bila kuulizwa. Kilichoziba mahali pa mwimbaji hakikutoka kwenye monita yake. Kilitoka kwenye spika kubwa na sabufa (spika za besi) za ukumbi, kwa njia ya nyuma. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, na boksi la spika la ukubwa wa kawaida haliwezi kulielekeza upande mmoja. Linasambaa mbele, kando na nyuma karibu kwa usawa. Wimbi la kilohezi 3, lenye urefu wa sentimita 11 hivi, linaelekezwa kirahisi na pembe ya spika, hivyo linakwenda kwa wasikilizaji na kuliacha jukwaa. Aliyesimama nyuma ya spika za ukumbi anapata besi na sauti za kati za chini kwa wingi, tena zimechelewa kidogo kwa kugonga ukuta wa nyuma wa ukumbi na kurudi, lakini hapati makali yake. Juu ya rundo hilo monita ilikuwa inaongeza hezi 150 na 250 zake yenyewe. Kwa maneno mengine, maelezo sahihi yalikuwa yale ya pili: sehemu ya chini ilikuwa imezidi, na kuongeza sehemu ya juu kulikuwa kushindana nayo kwa kelele.

Kutokana na hapo kazi ikawa na sehemu mbili, na nadhani ni muhimu zisichanganywe. Sehemu ya kwanza ni kutenganisha toni ya monita na toni ya ukumbi ndani ya mikseri, ili mtu aweze kurekebisha moja bila kuharibu nyingine. Sehemu ya pili ni kurekebisha kwenyewe.

Kutenganisha kulifanyika kwa kuigawa chaneli. Mikseri ya dijitali inaruhusu ingizo moja la maikrofoni kuelekezwa kwenye chaneli zaidi ya moja, na kulikuwa na chaneli ambayo haikutumika. Ingizo la mwimbaji likaelekezwa kwenye chaneli hiyo pia. Chaneli ya kwanza ikabaki ya ukumbi: ikaondolewa kwenye oksi zote za monita. Chaneli ya pili ikawa ya monita tu: ikaondolewa kabisa kwenye njia kuu ya ukumbi na ikapelekwa kwenye oksi. Kila moja sasa ina kichujio chake, ekwalaiza yake na kompresa yake. Kwenye mikseri ya analogi jambo hilohilo hufanyika kwa waya wa kugawa unaoingia kwenye chaneli mbili. Hapo ni lazima umeme wa volti 48, kama maikrofoni inauhitaji, utoke upande mmoja tu, na kila upande una geini yake. Wapo wanaoona kwamba njia rahisi zaidi ni kuhamishia sehemu ya kuchukulia ishara ya oksi kabla ya ekwalaiza. Sikuipendekeza hapa. Ni kweli kwamba inaukinga ukumbi, lakini inampa mwimbaji maikrofoni ghafi isiyorekebishika isipokuwa kwa ekwalaiza ya grafu ya njia nzima, na kwenye baadhi ya mikseri inakiruka hata kichujio cha sauti za chini, jambo ambalo kwa kisa hiki lingemwaga mafuta kwenye moto.

Mgawanyo huu una mitego yake, na fundi aliandika miwili kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya mikseri. Wa kwanza: chaneli ya monita ikiingia kwa bahati mbaya kwenye njia kuu, sauti ya mwimbaji ukumbini inaweza kupanda hadi desibeli 6 ghafla, na toni zake mbili tofauti zinachanganyika kwa namna isiyotabirika. Wa pili: geini ni moja kwa chaneli zote mbili, kwa kuwa zinatoka kwenye kikuzaji kimoja cha ingizo. Akiigusa katikati ya onyesho kwa ajili ya ukumbi, ameigusa monita, na huenda akaiamsha ipige mluzi. Geini ikishawekwa inaachwa. Marekebisho madogo yanafanywa kwa kitufe cha dijitali cha kila chaneli.

Baada ya hapo ndipo toni ikaguswa, na yote yakafanywa spika za ukumbi zikiwa zimewashwa, bendi ikipiga kwa nguvu ya kawaida. Mafundi wengi husafisha monita zao ukumbi ukiwa kimya kwa sababu ni rahisi kusikia, kisha hushangaa kuona kazi yote imeharibika bendi inapoanza. Monita inayosikika nzuri peke yake jukwaani mara nyingi ina besi nyingi mno kwa jukwaa lenye ukumbi unaofanya kazi. Kwenye chaneli ya monita kichujio cha sauti za chini kilipandishwa hadi karibu hezi 160, juu zaidi kuliko ambavyo fundi angethubutu kwa ukumbi, ambako kilibaki kwenye 100. Sababu ni kwamba jukwaa linapewa hezi hizo bure na spika za ukumbi, na monita haina haja ya kuzilipia tena. Hezi 250 zikapunguzwa kwa desibeli 4. Kilohezi 3 hazikuongezwa hata kidogo, na mwimbaji, bila kuambiwa kilichofanyika, alisema kwamba sasa trebo, yaani sauti za juu, imeongezeka.

Aidha, ukumbini kwenyewe hezi 200 zilipunguzwa kidogo kwenye njia kuu, na viwango vya sabufa vikateremshwa mpaka mpiga dramu akasema hausikii tena mtetemo kwenye kiti chake. Wasikilizaji hawakupoteza kitu. Hili ni jambo ambalo fundi wa kazi zote mbili ana nafasi nzuri ya kulifanya kuliko fundi wa monita aliye pembeni, kwa kuwa yeye anazishika pande zote mbili za tatizo.

Mluzi wa kilohezi 3 ulikuwa na historia yake, nao haukuhusu ekwalaiza peke yake. Maikrofoni ya mwimbaji ni ya aina ya supakadioidi, mojawapo ya aina zinazosikia zaidi upande wa mbele. Maikrofoni ya kadioidi husikia kidogo zaidi nyuma yake moja kwa moja, yaani kwenye nyuzi 180, ndiyo maana monita yake huwekwa mbele ya mwimbaji katikati, ikiitazama nyuma ya maikrofoni. Supakadioidi ina ulimi mdogo wa usikivu nyuma, na mahali pake pa uziwi pako kwenye nyuzi 125 hivi, kila upande. Monita ilikuwa imewekwa katikati kabisa, yaani pale ambapo maikrofoni hii inasikia. Ilisogezwa kushoto na kuelekezwa upya ili iitazame maikrofoni kutoka kwenye pembe hiyo, na nafasi iliyopatikana kabla ya mluzi ilikuwa kubwa kuliko yote yaliyopatikana kwa kushusha bendi tatu za ekwalaiza ya grafu. Kama zingekuwepo monita mbili, zingewekwa moja kila upande kwa mantiki hiyohiyo.

Hata hivyo mluzi ulirudi, tena kwenye kiitikio tu. Ilibidi kumtazama mwimbaji mwenyewe. Katika beti alishika mpini wa maikrofoni. Alipofika kwenye kiitikio mkono ulipanda taratibu, kidole gumba na cha shahada vikakutana kuzunguka kichwa chake cha wavu, na kiganja kikafunika sehemu ya chini ya wavu huo. Mluzi ulianza vidole vilipokutana. Maikrofoni inayochagua upande hufanya hivyo kwa kutumia matundu ya nyuma yanayoruhusu sauti ifike upande wa pili wa kiwambo. Matundu hayo yakizibwa, inaanza kusikia kutoka pande zote, na uwazi mdogo wa kiganja unaongeza kilele katika sauti za kati za juu. Hakuna ekwalaiza inayotibu hilo, kwa sababu toni inabadilika kila mkono unapohama. Fundi alimwambia kwa upole, "Dada, naomba ushike mpini, kichwa ukiache wazi. Ukikiziba ndipo inapolia." Alijaribu, akasikia tofauti yeye mwenyewe, na hilo likatosha.

Ekwalaiza ya grafu ilirudishwa kazini mwishoni, kwa kazi yake halisi. Sauti ya monita ilipandishwa polepole hadi ikaanza kulia, masafa yakatambuliwa, bendi husika ikashushwa kwa desibeli 3 hivi, na zoezi likarudiwa. Zilihitajika bendi mbili tu, kilohezi 2.5 na hezi 630. Kwa kawaida huwa naacha zoezi hili linapofika bendi ya nne, kwa sababu kila bendi ya ekwalaiza ya namna hii inavuta majirani zake pia, na mtu anayeshusha bendi nane amepunguza sauti ya monita kwa ujumla, kisha ataipandisha na kurudi alipokuwa akiwa na toni mbovu zaidi. Ikifika hapo, kinachohitaji kuangaliwa ni mahali pa monita, mahali pa maikrofoni, au idadi ya maikrofoni zilizo wazi jukwaani. Kila idadi hiyo inapozidishwa mara mbili, nafasi kabla ya mluzi inapungua kwa desibeli 3. Maikrofoni mbili za waitikiaji zilizokuwa wazi bila mtu kuzitumia zilifungwa.

Gitaa lilikuwa suala jingine. Kikuza sauti cha gitaa kilikuwa nyuma ya mwimbaji kikielekea kisogoni kwake, na wakati huohuo gitaa lilikuwemo kwenye monita yake kwa sababu aliliomba mwanzoni ili apate noti. Sauti ya gitaa lenye makali na sauti ya mwanadamu vinagombea eneo moja, kati ya kilohezi 1 na 4, na kile chenye nguvu kinakifunika kingine sikioni, hata kama kile kinachofunikwa kipo. Badala ya kuongeza sauti yake, gitaa lilitolewa kwenye monita kabisa na kikuza sauti kikainuliwa na kuelekezwa kwa mpiga gitaa mwenyewe, ambaye kwa miaka alikuwa anakisikia kwa magoti. Kinanda kikabaki kuwa mwongozo wa noti, kikiwa kimekatwa besi yake ya mkono wa kushoto. Mpiga gitaa hakufurahi kwa dakika tano za kwanza. Mtu anayesikia makali ya kifaa chake usoni kwa mara ya kwanza hukimbilia kupunguza trebo na sauti, na ndivyo alivyofanya, na ukumbi mzima ulinufaika.

Kompresa ilileta swali ambalo halina jibu moja. Kwenye chaneli ya zamani ilikuwa inabana sauti kwa kiasi kikubwa, ikiifuata hadi kwenye monita. Mwimbaji anayebanwa anapoongeza nguvu hasikii ongezeko, basi anaongeza zaidi, na kompresa inabana zaidi. Anachoka bila kujua sababu. Pia, kompresa ikiachia wakati wa ukimya na ikiwa imeongezewa kiwango cha kufidia, inapandisha kila kitu kidogo kilichomo kwenye maikrofoni, pamoja na sauti ya monita yenyewe, na hapo mluzi unajitokeza kati ya beti. Kwenye chaneli ya monita kompresa ilizimwa. Waimbaji wengine wanaipenda kidogo kwa ajili ya ulaini, na kwa chaneli iliyogawanywa inawezekana kuwapa bila kumwathiri mtu mwingine, lakini huyu alitulia mara tu ilipozimwa.

Lilibaki lalamiko moja, la upande wa pili: baada ya kupunguza hezi 250 na kupandisha kichujio, sauti yake ilikuwa wazi lakini nyembamba, "haina kifua". Kurudisha hezi zilizoondolewa kungerudisha tope. Hapa ndipo kitufe cha kugeuza poo, yaani kubadilishana pande chanya na hasi za wimbi la sauti, kilipojaribiwa, kile ambacho kwenye mikseri nyingi hakiguswi mwaka mzima. Mwimbaji anajisikia kwa njia mbili kwa wakati mmoja: kupitia mifupa ya kichwa chake, papo hapo, na kupitia monita, ikiwa imechelewa. Monita iliyo mita 1.7 kutoka masikioni inachelewa kwa milisekunde 5 hivi, na mikseri ya dijitali inaongeza yake moja au mbili. Sauti mbili zinazopishana hivyo zinasaidiana kwenye masafa fulani na kufutana kwenye mengine, na kwa ucheleweshaji wa kiasi hicho mawimbi yanayoathiriwa zaidi ni yale ya chini, yenye noti za msingi za mwimbaji. Kugeuza poo kunabadilisha nafasi za kusaidiana na kufutana. Alipoombwa aimbe noti za chini huku kitufe kikibonyezwa na kuachiwa, bila kuambiwa kipi ni kipi, alichagua hali iliyogeuzwa kila mara. Kifua kikarudi bila desibeli hata moja kuongezwa. Jambo hilo linawezekana kwa usalama tu pale ambapo chaneli ya monita imetengwa, na kila linapofanywa ni lazima kupima mluzi upya, kwa sababu masafa yanayolia yanahama pamoja nalo. Halifai kwa kila mtu. Mwimbaji anayetembea jukwaa zima anabadilisha umbali wake na monita kila hatua, na tofauti inapotea.

Kuhusu kiwango, kuna ukweli wa kisikio unaoelezea kwa nini toni iliyokubaliwa kwenye majaribio ya utulivu hukataliwa usiku wa onyesho. Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo inabadilika kwa kadiri ya ukubwa wa sauti: sauti inapokuwa ndogo besi huonekana kupungua, na inapokuwa kubwa hurudi. Monita iliyorekebishwa kwa sauti ndogo hadi ikaonekana na besi ya kutosha itakuwa na besi nyingi mno itakapopandishwa. Kwa hiyo majaribio yalifanywa kwa kiwango cha onyesho, ingawa kwa vipindi vifupi. Vipindi vifupi vilikuwa na sababu nyingine: mwongozo wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ni saa 8 kwa desibeli 85 za kipimo cha A (kinachofuata usikivu wa sikio), na kila ongezeko la desibeli 3 linakata muda huo nusu, hivyo kwa desibeli 100 inabaki robo saa tu. Jukwaa hili lilikuwa linafika huko bila shida. Baada ya marekebisho, kitufe cha kupelekea sauti ya mwimbaji kwenye monita kilikuwa chini kwa desibeli 5 kuliko kabla ya mapumziko, naye akasema anajisikia vizuri zaidi.

Ukumbini, chaneli ya mwimbaji ilirudishiwa ekwalaiza yake ya ukumbi peke yake, na feda ikarudi juu mahali pake. Mpangilio mzima ulihifadhiwa kwenye kumbukumbu ya mikseri, na chaneli ya pili ikapewa jina lenye neno "monita" mwanzoni na rangi tofauti, ili fundi wa zamu nyingine asidhani ni nakala iliyosahaulika akaifuta. Monita ya mpiga dramu inapokea sauti ya mwimbaji kutoka kwenye chaneli hiyohiyo ya monita, pamoja na poo yake iliyogeuzwa. Kwake haileti tofauti, kwa kuwa yeye haimbi. Mpiga kinanda, ambaye huitikia, bado anatumia chaneli moja kwa ukumbi na monita, kwa sababu chaneli za akiba ziliishia hapo. Toni yake bado ni maafikiano kati ya anachotaka yeye na unachotaka ukumbi, na fundi amekubaliana naye kwamba hezi 250 zitapunguzwa kwa desibeli 2 kwa pande zote mbili, mpaka chaneli nyingine itakapopatikana.